Jumapili ya 29 ya Mwaka C: Kudai Haki bila Kuchoka



Masomo ya leo yanatuletea watu wawili wasiokata tamaa: Musa, aliyeinua mikono kilimani Waisraeli walipopigana na Waamaleki, na mjane wa Injili ya Luka, aliyemwendea kadhi dhalimu mpaka akapewa haki yake. Mjane huyo hakuomba sadaka. Alidai kilicho chake.

Twasema hivi kwa sababu wako waamini wetu hapa Dodoma wanaodhani kwamba Mkristo mpole hudhulumiwa akanyamaza. Tuchukue mfano wa siku hizi. Jumuiya ndogondogo za kigango kimoja zilichanga fedha baada ya mavuno ya zabibu, katekista akanunuliwa kompyuta mpakato ya kutunzia orodha ya wabatizwa na ya watoto wa Kipaimara. Miezi mitatu haikutimia, kioo kikaanza kutoa mistari, kisha kikawa giza. Muuzaji akasema, nendeni kwa wakala wa kiwanda Dar es Salaam. Wakala akasema, bila shaka mliiangusha. Wengi wakamshauri katekista amwachie Mungu.

Ndugu wapendwa, mtu aweza kusamehe deni lake mwenyewe. Hili lilikuwa la wakulima wa kigango kizima, naye hakuwa na mamlaka ya kulisamehe kwa niaba yao.

Wala si kweli kwamba kiwanda kikubwa hakisikii. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta ambazo waya wake bapa, upelekao umeme kwenye taa ya kioo, ulichakaa kwa kufungua na kufunga mfuniko. Wanunuzi wengi wakalalamika, na Mei 2019 kampuni ikakubali kutengeneza bure zile za inchi 13. Za inchi 15 ziliachwa, ijapokuwa wenye nazo walilalamika vilevile. Hilo sisi hatulioni kuwa haki.

Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi, nayo Tume ya Ushindani iliundwa kwa sheria hiyo. Basi tunzeni hati ya dhamana na risiti. (Risiti, wapendwa, si karatasi ya kufungia karanga.) Andikeni siku kasoro ilipoanza, na kila barua iwe na nakala.

Tena semeni kweli. Kama mtoto aliikalia kompyuta, dai hilo halipo. Kumsingizia mtengenezaji kosa lisilo lake ni wizi, hata akiwa tajiri wa ng'ambo. Wala msimtukane kijana wa dukani, ambaye yumkini hajapata kumwona mwenye kiwanda.

Turudi kwa Musa. Mikono yake ililegea, nao Haruni na Huri wakaishikilia mpaka jioni. Katekista wetu naye alichoka, maana kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450, na nauli ya kwanza ilitoka mfukoni mwake. Halmashauri ya kigango ikaandika barua yenye sahihi za viongozi wa jumuiya zote, na mhazini akafuatana naye. Safari hii wakala aliifungua kompyuta mbele yao, asikute alama yoyote ya kuanguka. Kioo kipya kikawekwa bila malipo, na katekista akarudi kuandika majina ya watoto wa Kipaimara.