Mzigo Haupimwi kwa Kilo Peke Yake: Usalama wa Foklifti Ghalani



Dereva wa foklifti akiulizwa mashine yake inabeba kiasi gani, hujibu haraka: tani mbili na nusu. Amejibu nusu ya swali. Kwenye kibao cha uwezo, kando ya kilo, huandikwa pia umbali, na kwa mashine za ukubwa huo kwa kawaida ni milimita 500. Maana yake tani 2.5 ni halali iwapo kitovu cha uzito wa mzigo kiko nusu mita kutoka mgongo wa uma, ile sehemu ya wima. Kitovu kikisogea mbele zaidi, uwezo unashuka, hata kama mzigo haujaongezeka kilo moja.

Tuchukue saruji. Mifuko 40 ya kilo 50 ni tani 2. Paleti yenye kina cha mita 1.2 ikiguswa na mgongo wa uma, kitovu chake kiko sentimita 60. Ekseli ya mbele, ambayo ndiyo egemeo, huwa karibu nusu mita nyuma ya mgongo huo. Kwa hesabu ya nyenzo tuliyofundishwa shuleni, mashine inastahimili kilo 2,500 mara mita 1, yaani 2,500. Mzigo wetu unadai 2,000 mara 1.1, yaani 2,200. Tuko salama. Sasa dereva ana haraka, lori linasubiri, anaacha pengo la sentimita 20 kati ya mzigo na mgongo wa uma: 2,000 mara 1.3 ni 2,600. Tumeshavuka. Huenda isipinduke hapo hapo, kwa kuwa watengenezaji huacha akiba, lakini akiba hiyo ni ya breki, kona na sakafu mbovu. Magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayokata kona, yanakuwa mepesi na usukani haumtii dereva.

Hapo ndipo inapoingia tabia ninayoichukia kuliko zote. Mkia ukiinuka, msimamizi anaita vibarua wawili wakalie nyuma. Magurudumu yanashuka kweli, na kila mtu anaona tatizo limekwisha. Lakini minyororo, mlingoti na meno ya uma havijaongezewa nguvu hata kidogo. Isitoshe, foklifti ikikata kona mkia hutupwa nje. Aliyekaa pale ndiye atakayebanwa ukutani. Dawa ni kugawa mzigo mara mbili. Dakika tano zinapotea, basi.

Mzigo ukishakaa vizuri, uma utembee sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, mlingoti ukiwa umelazwa nyuma. Kwenye rampu, mzigo uelekee juu wakati wote: unapanda kwa mbele, unashuka kinyumenyume, wala hukati kona katikati. Ukikuziba macho kwenye sakafu tambarare, rudi kinyumenyume pia. Hakuna mtu kupita chini ya uma ulioinuliwa, na hakuna kupandisha mtu kwenye paleti tupu ili abadilishe taa.

Mkanda nao hupuuzwa sana. Foklifti ikianza kulala ubavu, mwili hutaka kuruka, na wengi wanaoruka huangukiwa na paa la kinga. Baki kitini, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande ule usioangukia.

Wasimamizi, sehemu kubwa ya haya iko mikononi mwenu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 hapa Tanzania, kama ile ya Kenya ya 2007, inambebesha mwajiri wajibu wa kulinda usalama kazini. Kumlaumu dereva pekee baada ya ajali ni kumwonea. Napendekeza kila paleti iingie ghalani na uzito wake umeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, kibao kilichofutika kibadilishwe kabla mashine haijawashwa tena, na dereva anayekataa mzigo asikatwe posho ya siku hiyo.