Filta ya kinga kwa lenzi ya bei nafuu: ngao au mzigo?

Karibu na jumba la makumbusho la British Museum, katika eneo la Bloomsbury hapa jijini London, kwa miaka mingi pamekuwa na maduka yanayouza kamera, mpya na zilizokwishatumika.

Chukua mfano wa Mzanzibari anayeishi mashariki ya London, ambaye amedunduliza pauni zake kwa miezi kadhaa ili amnunulie mdogo wake kamera. Mdogo mtu yuko Unguja, na anakusudia kujipatia riziki kwa kuwapiga picha wageni na maharusi katika bustani ya Forodhani.

Kamera imekwishachaguliwa, pamoja na lenzi moja ya bei nafuu. Fedha zilizobaki ni kidogo. Hapo muuzaji huweka juu ya meza kikasha chenye kioo cha mviringo, na kueleza kwamba bila ya kioo hicho lenzi haina usalama.

Kioo hicho ndicho mafundi wa picha wanachokiita filta ya kinga. Je, fedha iliyobaki inunue filta, au inunue kadi ya pili ya kuhifadhia picha? Kwa mwenye nafasi, swali hili ni dogo. Kwa yule ambaye lenzi moja ndiyo jembe lake, si dogo hata kidogo.

Asili ya filta

Filta ya aina hii haikuanza kama ngao. Enzi za filamu, miale ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni, iliweza kuacha athari yake kwenye filamu. Picha zilizopigwa baharini au juu ya milima mirefu zilitokea na utusitusi wa rangi ya buluu. Filta iliwekwa ili kuizuia miale hiyo.

Kamera za dijitali zimeibadilisha hali hiyo. Mbele ya kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu, watengenezaji huweka kioo maalumu ambacho huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Kwa hiyo filta nyingi zingali zimeandikwa herufi UV, ilhali kazi iliyozipatia jina hilo imekwisha. Kilichobaki ni hoja ya ulinzi peke yake, na hoja hiyo yafaa ipimwe kwa mizani yake.

Inalinda nini?

Filta huzuia vitu vinavyogusa kioo cha mbele: vumbi, mchanga, matone ya maji ya chumvi, moshi wa mafuta na vidole vya watoto. Hilo halina ubishi. Kuifuta filta kila siku kwa kitambaa ni afadhali kuliko kuifuta lenzi yenyewe, kwani chembe moja ya mchanga ikisuguliwa juu ya kioo huacha mkwaruzo usiofutika.

Hata hivyo, mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele aghalabu hauonekani katika picha. U karibu mno na kamera kiasi kwamba lenzi haiwezi kuukusanya ukawa umbo kamili. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma, kile kinachotazamana na ndani ya kamera, ndio wenye madhara zaidi, na huko filta haifiki.

Kuhusu kuanguka, mambo ni tofauti na yanavyosimuliwa. Mtu huonyesha filta iliyopasuka na kusema kwamba imeiokoa lenzi. Lakini filta ni kioo chembamba sana, na lenzi ya mbele ni nene na imara zaidi. Kupasuka kwa filta si ushahidi kwamba lenzi nayo ingepasuka. Isitoshe, vipande vyake vinaweza kuikwaruza lenzi iliyokusudiwa kulindwa. Ni kweli kwamba fremu ya filta, ikigonga sakafu kwanza, huweza kuuokoa ukingo wa lenzi. Lakini fremu hiyo ikibonyea, huenda isifunguke tena ila kwa fundi.

Lenzi za bei nafuu zina udhaifu mahali pengine. Canon, kwa mfano, ilitoa mwaka 1990 lenzi ya milimita 50 ambayo kwa miaka mingi iliuzwa Uingereza kwa chini ya pauni 100, hadi nyingine iliposhika nafasi yake mwaka 2015. Kioo chake cha mbele kimezama ndani kidogo, na sehemu yake inayoshikana na kamera ni ya plastiki. Lenzi ya namna hiyo ikianguka, kinachohofiwa zaidi ni plastiki kuvunjika. Filta haiwezi kuizuia plastiki isivunjike.

Gharama isiyoandikwa kwenye kikasha

Kila uso wa kioo kisichopakwa dawa hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Filta ina nyuso mbili, kwa hiyo takriban asilimia 8 ya mwanga hupotea njia. Sehemu ya mwanga huo huzunguka baina ya filta na lenzi, kisha huangukia picha mahali pasipostahili. Weusi hupauka, na rangi hupoteza ukolevu wake.

Tatizo hili lilitafutiwa dawa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, Harold Dennis Taylor, mtaalamu wa lenzi katika mji wa York nchini Uingereza, alitambua kwamba lenzi kongwe ambayo uso wake umechujuka hupitisha mwanga mwingi kuliko lenzi mpya. Mwaka 1935, Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani alipata njia ya kuvipaka vioo utando mwembamba wa kupunguza mwanga unaorudi. Filta nzuri zimepakwa tando kadhaa za namna hiyo. Zile za bei ya chini kabisa, ama zina utando mmoja, ama hazina kabisa.

Athari yake huonekana wazi usiku. Mpiga picha akisimama kwenye daraja la Westminster na kuielekeza kamera kwenye saa maarufu ya Big Ben inapowaka taa, mwanga wa saa hiyo hugonga kibamba cha kamera, hurudi hadi kwenye filta, kisha hurudi tena ndani. Saa ikiwa juu upande wa kulia wa picha, kivuli chake chenye mwanga hutokea chini upande wa kushoto, kimepinduka kichwa chini. Mwenye picha hudhani kamera yake ni mbovu. Akiivua filta, kivuli hutoweka.

London na Forodhani

Ndiyo maana jibu moja haliwezi kuwafaa ndugu wawili hawa.

Kwa yule wa London, anayepiga picha barabarani, majumbani na kwenye sherehe za usiku, filta haina kazi kubwa. Manyunyu ya mvua hufutika. Taa ni nyingi, na kila taa ni mwanya wa vivuli na mng'ao.

Forodhani ni mahali pengine. Vijana hujirusha baharini kutoka ukutani jioni, na maji huruka. Upepo wa kusi na wa kaskazi huleta chumvi. Majiko ya mishkaki hutoa moshi wenye mafuta. Hapo filta ina haki ya kuwapo, mradi iwe nzuri, na mradi ivuliwe taa za usiku zinapowashwa.

Lakini hata huko pwani, adui mmoja haogopi filta: kuvu. Hewa yenye joto na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, hasa ikifungiwa gizani kwa muda mrefu. Dawa yake ni kuikausha, kuitumia mara kwa mara, na kuihifadhi pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe zinazofyonza unyevu.

Hesabu ya mwisho

Wahenga walinena: rahisi huvunja upishi. Filta duni huishusha lenzi ya bei nafuu kama inavyoishusha ya bei ghali. Filta nzuri nayo huweza kufikia theluthi moja ya bei ya lenzi yenyewe, au hata nusu. Anayenunua filta mbili za namna hiyo huwa karibu amekwishalipia lenzi nyingine.

Ipo kinga yenye gharama ndogo zaidi. Nayo ni ule ukingo wa plastiki unaochomoza mbele ya lenzi mfano wa ukingo wa kofia, unaojulikana kama hudi. Hudi huzuia jua la pembeni, huweka vidole mbali, na lenzi ikigonga ukuta, hudi ndiyo inayotangulia. Haiongezi kioo chochote katika njia ya mwanga. Ikiandamana na kifuniko cha lenzi, brashi laini na kitambaa safi, itatosha kwa siku nyingi za kazi.

Mnunuzi wa Bloomsbury, basi, anaweza kumshukuru muuzaji na kukiacha kikasha kile juu ya meza, iwapo filta iliyomo ni ya bei ya chini kabisa. Anunue hudi na kadi ya pili. Ikiwa bado ana akiba, na akimfikiria mdogo wake akiwa ukutani na maji ya chumvi yakiruka, basi achague filta moja iliyopakwa tando kadhaa. Aisome kwanza namba iliyoandikwa kwenye lenzi kando ya alama ya duara lililokatwa na mstari, kwani hiyo ndiyo inayotaja kipimo chake kwa milimita.

Na ndani ya mzigo atie kijikaratasi chenye maneno machache: filta ni ya mchana na ya bahari, usiku, ivue.