Kalenda ya Kitabu cha Mfukoni

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kalenda. Si ile inunuliwayo dukani, bali ile ambayo kila ajuaye kuandika aweza kujifanyia kwa penseli na kitabu kidogo cha mfukoni.

Kwanza niwaambieni sababu. Zamani niliweka rehani minazi yangu 3 kwa jirani, tukaandikiana kwamba nitaikomboa kabla mwezi wa Juni haujaisha. Fedha nilikuwa nazo. Lakini nilidhani Juni una siku 31, nikaenda siku hiyo asubuhi. Kumbe ilikuwa tarehe 1 Julai! Jirani hakunidhulumu, mkataba ndio uliosema. Minazi ikapotea kwa siku moja tu.

Basi, chukueni kitabu chenu. Kila mwezi upeni ukurasa wake, na jina lake liandikwe juu. Chini ya jina pigeni mistari 6 ya kwenda chini, na 6 ya kukingama. Mtapata vyumba 49. Safu ya juu ni ya majina ya siku. Anzeni na Jumamosi, maana majina yetu yenyewe huhesabu tangu siku hiyo, na Ijumaa iwe ya mwisho. Safu 6 zilizobaki ni za tarehe.

Je, mwezi una siku ngapi? Kunja ngumi, uhesabu vifundo vya vidole na mabonde yaliyo kati yake. Kifundo cha kwanza ni Januari, bonde ni Februari, kifundo cha pili ni Machi, hata ufike Julai katika kifundo cha mwisho. Kisha rudi kifundo cha kwanza kwa Agosti. Mwezi wa kifundo una siku 31. Wa bonde una 30, ila Februari wenye 28. Mwaka ugawanyikao kwa 4 pasipo baki, Februari huwa na 29. Lakini miaka ya mamia haimo, isipokuwa ile igawanyikayo kwa 400. Kwa hiyo mwaka 1900 haukuwa na siku hiyo, na mwaka 2000 ulikuwa nayo.

Sasa lazima kujua jambo moja tu: 1 Januari ni siku gani. Katika mwaka 2027 ni Ijumaa. Andika 1 chini ya Ijumaa, shuka safu ya pili, uandike 2 chini ya Jumamosi, uendelee vivyo hivyo. Tarehe 31 itaangukia Jumapili; basi Februari huanza Jumatatu. Hivyo kila mwezi humfungulia mwenziwe mlango.

Mwisho ijaribuni kazi yenu. Siku 365 ni majuma 52 na siku 1. Kwa hiyo mwaka wa kawaida humalizika kwa siku ile ile ulioanza nayo. Kama 31 Desemba 2027 haikuangukia Ijumaa, mmekosea mahali. Rudini nyuma mtafute.

Kisha wekeni alama penye siku ya deni, ya shauri, na ya kumpeleka mtoto kuchanjwa. Kila asubuhi futeni siku iliyopita. Kazi hii ni ya jioni moja tu. Nami ningaliifanya mapema, leo ningalikuwa nakunywa madafu yangu.

Kwaherini.