Salmonela Ndani ya Yai

Desemba 1988, naibu waziri wa afya wa Uingereza, Edwina Currie, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya mayai yanayozalishwa nchini humo imeathiriwa na salmonela, bakteria wanaosababisha ugonjwa wa tumbo. Mauzo yakaporomoka, naye akajiuzulu mwezi huohuo.

Alitia chumvi, lakini hatari ilikuwepo. Salmonela aina ya Enteritidis hukaa kwenye ovari ya kuku anayeonekana mzima kabisa, ikaingia ndani ya yai kabla ganda halijajengeka. Kuliosha ganda hakuiondoi.

Chanjo ndiyo iliyogeuza mambo. Kuku wa mayai wa Uingereza walianza kuchanjwa kwa wingi mwaka 1998, na wagonjwa wakapungua sana.

Hata hivyo, msikilizaji, pika yai hadi kiini kigande. Nyama ya kuku nayo inaweza kuwa na salmonela: kuku mbichi usimwoshe, maana maji yanayoruka hutapakaza vimelea jikoni. Mpike aive, kisha nawa mikono kwa sabuni.