Busara na Upumbavu wa Kulimbikiza Shahada: Ushahidi wa Bonde la Kilombero

Kadiri vyuo vikuu vinavyoongezeka nchini Tanzania ndivyo inavyokua hamu ya kulimbikiza shahada, na watu huipima hamu hiyo kwa njia mbili: ama humvisha mwenye vyeti vingi taji la usomi bila kumhoji, ama humdhihaki kama mtu anayezeekea darasani. Vipimo vyote viwili vina kasoro, kwa kuwa huhesabu vyeti bila kuuliza kila kimoja kilitafutwa kwa ajili ya kujibu swali gani.

Katika mfumo wa sifa za elimu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza iko ngazi ya 8, uzamili, yaani shahada ya pili, uko ngazi ya 9, na uzamivu, yaani shahada ya juu kabisa inayodai utafiti wenye kuleta maarifa mapya, uko ngazi ya 10. Mlimbikizaji mara nyingi hapandi ngazi hizo. Husimama kwenye ngazi moja akakusanya uzamili wa pili na wa tatu katika fani nyingine, na hapo ndipo penye mjadala.

Ifakara, mji ulio katika Bonde la Kilombero, inatoa ushahidi mzuri, kwa sababu elimu ya juu ilifika huko ikifuata maradhi. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel, Uswisi, alianzisha hapo maabara ya utafiti ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundishia wahudumu wa tiba wa vijijini. Malaria ya bondeni haikukubali kumalizwa na fani moja. Mtaalamu wa wadudu aliweza kueleza mbu yupi anauma na saa ngapi, lakini msimu wa mpunga familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya mashambani, mbali na zahanati, zikakaa huko kwa majuma mengi kulima na kuwinga ndege, na chandarua kilichobaki nyumbani hakimkingi mtu aliyelala shambani. Daktari naye alijua dawa, lakini mama aliyeamini kwamba degedege, yaani mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, ni ugonjwa wa mizimu, alianzia kwa mganga wa jadi, na mtoto akafika hospitali amechelewa. Daktari wa namna hiyo anaporudi chuoni kusomea anthropolojia, yaani elimu ya watu na desturi zao, au takwimu, shahada yake ya ziada ni busara tupu, kwa sababu kazi yenyewe ndiyo iliyomtuma.

Hata hivyo matunda makubwa ya bonde hilo hayakutokana na kichwa kimoja chenye vyeti vingi. Tangu mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa viliuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu wadadisi, ambao wengi wao hawakuwa na shahada yoyote, walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Kosa moja la mdadisi katika daftari lingeweza kuiharibu tasnifu ya uzamivu.

Upumbavu huanza pale cheti kinapogeuka kuwa ndiyo kazi. Mwaka 2017, uhakiki wa serikali ulipowabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, ilidhihirika jinsi karatasi ilivyopewa uzito kuliko ujuzi. Na yule anayeongeza shahada halali kwa ajili ya cheo peke yake, ingawa hana jinai, anaitumikia tamaa ileile. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Utekelezaji wake ulikuwa na matatizo, na baadaye ulilegezwa, lakini wazo lake lilikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa, kwani mtu aliyekwisha fanya kazi huingia darasani akiwa na swali.

Jambo linalosikitisha zaidi ni kwamba tasnifu nyingi zilizotokana na damu, majibu na subira ya wanakijiji wa Kilombero zimeandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa mbali nao. Vyuo vinavyowatuma wanafunzi huko viweke sharti kwamba hakuna atakayevishwa joho kabla hajawasilisha muhtasari wa Kiswahili katika ofisi ya kijiji alikofanyia utafiti, na kuusoma mbele ya mkutano wa kijiji.