Mbolea Iliyoko Jikoni Kwetu

(Maneno ya mwanachama mmoja siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)

Nimepewa dakika chache nieleze habari za funza. Naona mnacheka. Hata mimi nilicheka.

Hapa tunajuana. Migomba na kahawa iko kihambani huku juu, mahindi yako shamba la chini kule tambarare. Kila masika yakikaribia, kisanduku chetu chenye kufuli tatu hufunguliwa, na wengi wetu huomba mkopo wa mbolea. Mwaka 2022 bei ilipanda mpaka Serikali ikaanza kutoa ruzuku. Ruzuku imetusaidia, lakini mfuko bado unanunuliwa, na nauli ya kuufikisha shambani ni juu yako.

Ndipo nikaanza kufuga nzi. Si yule nzi wa chooni, jamani! Huyu ni mweusi, mwembamba kama nyigu. Wengine humwita nzi chuma. Akishakua hahangaiki na chakula chako. Hutaga mayai yake kwa mamia, kisha hufa. Walaji ni watoto wake, yaani mabuu. Wape maganda ya ndizi, mboga zilizooza, makombo ya ugali na machicha ya mbege; watakula kwa wiki mbili hivi mpaka wanenepe. Hao ni chakula cha kuku. Kinachobaki chini, yaani kinyesi chao, ngozi walizojivua na masalio ya chakula, ndiyo mbolea yenyewe.

Anayetaka ushahidi asikilize. Watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, waliijaribu kwenye mahindi nchini Kenya, wakatoa matokeo mwaka 2020. Kwa kiasi kilekile cha naitrojeni, kilo 100 kwa hekta, mavuno yake yalizidi ya Urea kwa asilimia 7, na yalizidi ya mbolea ya asili ya dukani kwa asilimia 27.

Sasa nitubu mbele yenu. Msimu wangu wa kwanza niliichukua ikiwa bado mbichi, ina joto, nikaitia shimoni na mbegu juu yake. Mahindi mengine yalitoka ya manjano, mengine hayakutoka kabisa. Robo eka ilipotea, na mbegu ilikuwa ya mkopo. Mliniita mkaniuliza, nikakosa la kusema. Mkaniongezea miezi mitatu, na mama mmoja aliyeko humu ndani akaniletea debe la mahindi bila kumwambia mtu. Leo namsema, ingawa jina nalihifadhi.

Kosa lilikuwa moja: mbolea haikuwa imeiva. Inatakiwa ilundikwe kama wiki tano, iwe na unyevu, igeuzwegeuzwe mpaka ipoe na inukie udongo. Hapo ndipo unatia konzi moja kwenye shimo, unachanganya na udongo, halafu unapanda. Msimu uliofuata nilifanya hivyo, na deni nikalimaliza.

Lakini nisiwadanganye. Eka moja inaweza kutaka tani nzima. Ndoo ya jikoni ya mama mmoja haifiki huko. Itatosha bustani na mistari michache ya mahindi. Ila ndoo zetu zote zikikutana, tukaongeza na masalio ya sokoni, itakuwa habari nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Kisanduku chetu tulikijaza hivyo hivyo.

Kwa hiyo Mwenyekiti, naleta ombi. Kabla ya mgao wa mwaka huu, tutenge fedha kidogo tujenge banda moja la pamoja. Mabuu ya kuanzia nitayatoa mimi, bure. Ile miezi mitatu haikuandikwa riba daftarini, lakini mimi sijaisahau.

Kikundi chetu kidumu!