Moto ya zamani, mzigo wa leo



Leo tutaongea juu ya moto yetu. Mbegu, dawa, hata mama mwenye uchungu wa kuzaa, vyote vinapita juu yake. Tangu kambi za kandokando ya Goma zifungwe mwanzoni mwa 2025, wenzetu wengi wamerudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Fasi mingi gari haifike. Yamaha DT yetu ya zamani njo inafika.

Barabara zetu munazijua. Lava ya Januari 2002 na ile ya Mei 2021 zilituachia mawe makali na vumbi linalokula chuma kama tupa. Moto haiharibike siku moja. Inaharibika kidogo kidogo, fasi hatuangalie.

Tuanzie nyuma. Amortisere iko na resori, na resori inashikwa na pete mbili zinazozungushwa. Inueni moto juu ya kigogo mpaka gurudumu la nyuma lining'inie. Pimeni kwa mita toka katikati ya gurudumu mpaka alama moja ya shasi, wima. Kisha mushushe moto, dereva akae na mzigo wa kila siku, mupime tena. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu. Kama linaweza kupanda sentimita 18, moto ishuke kama 6. Ikishuka zaidi, legezeni pete ya kufunga, mukaze ile inayogusa resori, kisha mufunge tena.

Lakini musikie vizuri: kukaza pete hakuongeze nguvu ya resori. Kunainua moto tu. Kama mumekaza mpaka mwisho na bado inagonga chini, basi resori imechoka ama mzigo umezidi. Mama mjamzito na gunia la maharagi, wote wawili juu ya moto moja, hapana.

Mbele kuko furushi, ile miguu miwili inayobeba gurudumu. Panguseni vumbi, shikeni freni, mubonyeze mara tano. Mukiona mafuta yanabaki juu ya chuma, mpira wa kuyazuia umekufa. Mafuta yakishuka mpaka kwenye freni, moto haitasimama kwenye mteremko. Hiyo haingoje mwezi ujao. Na mukibadilisha mafuta, kila mguu upate kipimo kilekile.

Shene muipime mtu akiwa amekaa. Nyuma ikishuka, shene inajikaza yenyewe. Mukiikaza sana moto ikiwa tupu, itakula piniyo na rulema. Na mtu akikaa, lazima ibaki na ulegevu kidogo.

Filtri ya sponji muioshe kwa maji na sabuni, muikaushe kivulini, muipakae mafuta yake kidogo. Bila hiyo, vumbi linaingia moja kwa moja katika motere. Rayo nazo muzigonge kwa kijiko, moja moja. Ile inayolia tofauti na wenzake imelegea.

Hii yote haihitaji garaji kubwa. Inahitaji funguo, mita, na mtu mwenye macho.

Sasa, wafadhili wetu. Moto mpya inapendeza kwenye picha. Lakini ile tunayoomba mwaka huu ni resori moja ngumu zaidi, mipira ya furushi, mafuta, kisanduku cha funguo, na posho ya kijana mmoja wa kuikagua moto kila Jumamosi na kuandika katika daftari. Kila mwanachama ataweza kufungua ile daftari, nanyi pia.

Mama anayepelekwa materinite usiku haulize moto ni ya mwaka gani. Anataka ifike, na ishuke mteremko ikiwa na freni.